Vumbi Lililobaki Ndani

6 Februari

Shikamoo dada,

Mwambie mama asinung'unike, sijamsahau. Hapa simu zinafungiwa getini mpaka muhula wetu wa majaribio uishe, eti tusije tukapiga picha mchanganyiko wao wa siri. Kwa hiyo mimi, mtoto wa simu, nimerudishwa kwenye kalamu. Dereva wa lori la kiwanda amekubali kuwa posta yetu. Kila akileta mzigo mjini atapita ofisini kwako.

Kazi uliyonitafutia nimeipenda, sikufichi. Niko kwenye kinu. Manganizi na alumini zikishayeyushwa pamoja na kupozwa, naletewa vipande kama kokoto, nami nasaga mpaka unatoka unga mweusi, laini kuliko wa ngano. Chumba cha pili wanaushindilia, wanaupika, na huko mbele unatoka sumaku ya kweli. Juzi nilijaribu moja, ikanipokonya bisibisi mkononi na kukataa kabisa kuirudisha. Na ndani yake hamna hata chembe ya yale madini adimu yaliyokuwa yakikukosesha raha.

Tangu matundu ya paa yazibwe kama ripoti yako ilivyoshauri, vumbi haliendi tena kwa majirani. Mama mmoja wa ng'ambo ya ukuta amemwambia mlinzi kwamba sasa anaanika shuka nyeupe bila wasiwasi. Nikajigamba kuwa aliyeandika ile ripoti ni dada yangu wa tumbo moja. Msimamizi akanipa mkono mbele ya watu! Ukumbi una joto kidogo, barakoa tunazishusha kidevuni, lakini ndiyo hivyo, kazi.

Mwenzangu wa kinu cha pili tunamwita Jogoo. Anatembea kwa ncha za vidole, kifua mbele, viwiko amevikunja, utadhani anakwenda kuwika. Zamani hakuwa hivyo, wanasema ni maringo ya uzee. Dobi wetu, mwanamke anayekung'uta na kufua ovaroli zetu, kila akimwona humwuliza kama kumeshakucha. Tunacheka mpaka machozi.

Karatasi imeisha na sijasema kitu. Unaujua mwandiko wangu.

Mdogo wako,
Bango

19 Februari

Marahaba Bango,

Kurasa nne! Maneno yenyewe yangetosha upande mmoja. Mwalimu wako hakukosea kukubandika hilo jina. Alisema daftari lako linasomeka kutoka nje ya dirisha, kama bango la barabarani. Lakini kuna faida yake, maana mama ameisoma barua mwenyewe, amesimama mlangoni, bila kumsumbua mtu. Akasema angalau ana mtoto mmoja anayeandika akiwakumbuka wazee.

Kuhusu hayo madini adimu, unanitania tu, lakini mimi niliona kwa macho yangu. Sumaku za kawaida zenye nguvu hutengenezwa kwayo, na kule yanakochimbwa na kuoshwa kwa tindikali nilikuta mabwawa ya maji yasiyo na hata chura. Nilitembea mtaa mzima ambao watu wameuhama, milango iko wazi, sufuria bado ziko jikoni. Niliogopa, Bango. Nilirudi nikaapa kwamba nikipata sumaku isiyohitaji yale mabwawa, nitaitetea kwa nguvu zangu zote. Ndipo kikaja kiwanda chenu.

Kasoro yenu ilikuwa moja tu, vumbi lile la paani. Sasa hewa ya ukumbi inapita kwenye mifuko ya kuchujia na kurudi humohumo, joto halipotei, umeme unapungua. Nimepima pande zote za ukuta. Nje ni safi. Cheti chenu cha mazingira kimetoka wiki hii na jina langu liko chini yake.

Barakoa ni ya puani, si ya kidevuni. Usinifanye nije kukuvalisha mbele ya wenzako.

Dada yako

14 Aprili

Shikamoo dada,

Usikasirike kwa kimya. Nikitoka zamu najilaza kidogo kabla ya chakula, nikiamka nakuta bwalo limeshafungwa. Usingizi wa huku unakamata mtu kama deni.

Jogoo amepelekwa kwao kupumzika. Siku ya mwisho alishindwa kufunga vifungo vya shati, Dobi akamfungia kama mtoto wa shule, sisi tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Wenzangu wakanyamaza, nami nikawa bado nacheka, na wala sikuwa naona cha kuchekesha. Sijui kwa nini nakueleza hili.

Kinu chake nimepewa mimi, sasa ninavyo viwili. Msimamizi anasema anaona nitafika mbali.

Kingine cha kuchekesha. Nilikuwa navuta toroli kinyumenyume, nikaenda chini puu, kama gunia. Halafu nikaanguka tena siku nyingine, na hiyo siku sikuwa na toroli. Wanasema viatu ni vikubwa. Nitaomba vingine.

Msalimie mama. Mwambie namwandikia yeye pia.

Bango

2 Mei

Mdogo wangu,

Mama ananiambia nikugombeze. Umeanza lini ubahili wa karatasi? Barua yako ya mwisho ni robo ukurasa, mistari imejikunja kama siafu wanaohama. Aliisogeza mbali, akaileta karibu, akaipeleka dirishani, kisha akakaa kitandani akasema, "Basi macho yangu ndiyo yamekwisha." Alilia kidogo. Nikampeleka kwa mtu wa miwani.

Amepata miwani mpya, amependeza, anajiangalia kila kwenye kioo. Anasoma gazeti, anasoma maandishi ya chini kabisa kwenye chupa ya dawa, amesoma hata onyo la kwenye kiberiti kwa sauti. Kisha akaichukua barua yako, akashindwa.

Bango, nilicheka naye. Halafu nikaenda chumbani nikazitoa barua zako mbili nikaziweka sambamba. Hii ya Aprili inaanza na herufi za kawaida, na kila mstari zinapungua, mpaka jina lako mwenyewe mwishoni ni kama mkwaruzo wa sindano. Na mimi nikaanza kusoma upya kila ulichokifanyia mzaha. Kuanguka. Kicheko. Usingizi. Vifungo vya yule mwenzako.

Niambie ukweli. Unatembeaje siku hizi? Usiulize viatu. Muulize mtu anayekutazama ukitembea.

Nina hofu na sijui ninaogopa nini hasa.

Dada yako

11 Mei

Dada,

Naomba usinitie woga. Nimechoka tu. Ukiangalia watu kumi waliochoka hutakosa mmoja anayeanguka.

Mwandiko ni kalamu, hii ni mpya, ncha yake nyembamba.

Sikutaka kumwuliza mtu. Lakini jana natoka bwaloni, nyuma yangu mtu akawika. Wote wakacheka. Niligeuka nicheke nao, uso ukakataa. Nilikuwa nacheka kwa ndani na najua uso umekaa tu kama ukuta. Wakaacha kucheka. Mmoja akaniomba radhi, dada. Aliniomba radhi kwa sauti ya msibani.

Naogopa. Nimelisema, usilirudie kwa mama. Naogopa kukisogelea kinu na naogopa zaidi wakinitoa kwenye kinu, maana Jogoo alivyotolewa hakuna aliyemsikia tena.

Tafadhali usiwaandikie wakubwa. Tafadhali. Si kwa ajili yangu.

Bango

20 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Nakuandikia kwa herufi kubwa ili uone hivi ndivyo ilivyokuwa.

Nilikwenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu na barua zako. Sikumweleza kitu. Alizipanga mezani kwa tarehe, akaziangalia bila kuzisoma, kwa sababu haikuhitajika kuzisoma. Akaniuliza, "Anaanguka akirudi nyuma? Anacheka pasipo cha kuchekesha? Uso umeganda?" Kila swali nilijibu ndiyo, na kila ndiyo nilitamani iwe uongo. Kisha akauliza unafanya kazi gani. Nilipotaja manganizi aliweka kalamu chini.

Vumbi lake likivutwa kwa muda linaingia mwilini na kukaa kwenye ubongo, mahali panapoongoza mwendo. Ule mwendo wa Jogoo si maringo. Madaktari wanaujua, na jina wanaloupa halipishani na mlilompa ninyi kwa utani.

Sasa sikiliza lililo baya zaidi. Ile mifuko ya kuchujia inakamata vumbi nene. Lile laini linapita na kurudi ukumbini, zunguka, rudi, zunguka, rudi. Mimi ndiye niliyelirudisha. Kazi yangu hupima kinachotoka kiwandani, nami nilikwenda na vipimo vyangu nikauzunguka ukuta, nikaandika hakitoki kitu. Hakikutoka, kweli. Sikupima hata siku moja pale mnapovutia pumzi.

Nimemwandikia mkurugenzi, usinilaumu. Nimemwomba asimamishe vinu, aweke vya kufunika kabisa, unga usagwe ukiwa na majimaji, watu wapewe barakoa za kuzuia vumbi laini na wapimwe damu. Jibu limekuja haraka. Ananishukuru kwa kujali, na ananikumbusha kwamba kwa mujibu wa ripoti niliyoisaini mwenyewe kiwanda chake ni safi. Ameambatisha nakala.

Daktari anasema ukitoka sasa huenda ikasimama hapo ilipofika. Kilichokwisha kupotea hawezi kuahidi kwamba kitarudi chote. Kila zamu moja zaidi ni hasara. Kwa hiyo usingoje muhula, usingoje simu yako, usingoje mimi. Toka. Hata na ovaroli, toka.

Dada yako

3 Juni

Bango,

Dereva amepita na mkono mtupu. Nilimshikilia pale kwenye geti la ofisi yetu mpaka wa nyuma yake wakapiga honi. Anasema barua yangu alikupa mkononi, ukaipokea bila kumtazama. "Alikuwa kama hakunifahamu," akaniambia. Mimi najua ulimfahamu. Najua uso ndio uliokataa.

Mama ananiuliza kila akiona lori. Nimemdanganya kwamba mna kazi nyingi. Anasafisha miwani yake kwa upindo wa kanga na kuirudisha mfukoni.

Nilikwenda getini kwenu Jumamosi. Walinzi ni walewale walionipigia saluti nilipokuja na vipimo. Safari hii wamesema bila kibali sipiti, na jina lako halimo kwenye orodha ya wanaotembelewa. Nilisimama upande wa yule mama wa shuka nyeupe. Zilikuwa zimeanikwa, zinang'aa. Nilizitazama mpaka akaniletea kiti.

Nijibu hata kwa mstari mmoja. Hata kwa alama.

Dada yako

9 Juni

Mpendwa dada,

Natumaini barua hii itakukuta katika hali njema kama inavyoniacha mimi. Mimi ni mzima wa afya njema, namshukuru Mungu. Ule uchovu umeisha. Kazi inaendelea vizuri na msimamizi ananipenda. Usihangaike kuja, ni mbali na utachoka bure.

Mwonyeshe mama barua hii, aone mwandiko wangu umerudi.

Ni mimi mdogo wako,
Bango

12 Juni

Kwako uliyeshika kalamu,

Sijui wewe ni nani wala nikusalimie vipi, kwa hiyo pokea heshima zangu kwanza.

Barua ilipofika mama aliisoma tangu mlangoni. Herufi kubwa, nzuri, zimenyooka. Alipiga kigelegele majirani wakatoka. Akavua miwani na kunirushia, akisema mimi na daktari wangu tunapenda kuombea watu mabaya. Ameibandika barua ukutani juu ya kitanda chake. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Lakini Bango hajawahi katika maisha yake kuniandikia kwamba yeye ni mzima wa afya njema. Hajawahi kuniita mpendwa. Herufi yake ya "k" ina mkia unaoingia mstari wa chini kama mtu anayechungulia kisimani, tangu utotoni, alichapwa kwa ajili yake na hakuacha. Yako haina mkia.

Sikulaumu. Aliyekutuma namjua, na najua kwa nini. Nakuomba tu uniambie yuko wapi, anatembea au hatembei, anakula kwa mkono wake au analishwa. Ninaogopa kila jibu, lakini kimya ninakiogopa zaidi.

Na mwambie hivi. Jana nimeliondoa jina langu kwenye cheti, kwa maandishi, na nimeeleza kosa liko wapi. Cheti kimesimamishwa. Ofisini wananipita kama nina ukoma, na sijali. Sumaku yenyewe si mbaya, bado nasema hivyo, na iko siku itatengenezwa mahali ambapo hata aliye kwenye kinu ataanika mapafu yake kama shuka za yule mama. Alhamisi nitakuja na mkaguzi wa afya za wafanyakazi. Huyo walinzi hawana ubavu wa kumzuia.

Dada wa Bango

17 Juni

Dada wa Bango,

Salamu nyingi. Mimi ndiye Dobi. Nafua nguo zao hapa, naona ameshawahi kunitaja kwako, kwa ubaya natumaini.

Utanisamehe ule uongo. Aliniambia neno kwa neno, ila yale ya mpendwa na afya njema ni yangu, maana mimi nilifundishwa barua huanza hivyo. Alitaka ziwe herufi kubwa. "Kubwa mpaka mama asome akiwa mlangoni," alisema. Alijaribu mwenyewe kwanza. Karatasi tatu nilizichoma mimi, zilikuwa na nukta tu.

Unauliza kama anatembea. Mbele anatembea, kwa ncha za vidole, ukimshika kiwiko. Kurudi nyuma hawezi kabisa. Chakula anakula mwenyewe, kijiko kinachelewa kufika lakini kinafika. Vifungo namfungia mimi na hakuna anayecheka tena. Siku alipopata barua yako ya kumtaka atoke, alitaka kutoka. Alikwenda mpaka getini, mlinzi akamwambia rudi, akajaribu kurudi akaanguka. Wakambeba bwenini. Tangu hapo hajakanyaga ukumbini, kwa hilo ushukuru.

Nilimwuliza kwa nini hasemi kwa wakubwa kwamba anaumwa. Akanijibu kwamba ripoti ni ya dada yake, na akisema ukumbi unaumiza, jina lako ndilo litakaloanguka. Alikaa miezi yote hiyo akikuficha kwa sababu hiyo tu. Nimeona nikuambie kabla hujamwona, usije ukalia mbele yake, maana yeye hawezi kukulilia hata akitaka.

Habari za cheti zimefika. Msimamizi alitukana sana, kisha wakapanda paani na kuyafungua matundu, mkaguzi akute hewa nyepesi. Vumbi likatoka lote. Lilikwenda moja kwa moja kwa yule jirani, nilimwona anaanua shuka zake mbio. Mwambie mkaguzi asipime ndani peke yake.

Nilimsomea barua yako mara mbili. Pale pa mkia wa "k" alitoa sauti. Nadhani alicheka. Amesema mama aachiwe ile barua ukutani, usimwambie. Mimi nasema mwambie, lakini yeye ni ndugu yako si wangu.

Sasa langu. Miaka yote ovaroli nazikung'uta mlangoni kabla ya kuloweka, na upepo wa pale hunirudishia usoni. Hakuna aliyenipa barakoa, mimi ni wa nguo tu. Wiki iliyopita niliteremka ngazi kinyumenyume na beseni, nikajikuta chini. Nikasema ni sabuni.

Barua hii nimeianza kwa makusudi na herufi kubwa kama zile nilizomwandikia mama yenu. Nimekaza mkono kila mstari zisipungue. Tazama ulikoanza kusoma, kisha tazama hapa.

Alhamisi njoo na gari lenye nafasi ya wawili.

Dobi